Sura ya Sita: Tabibu wa Yambuku Mbele ya Beni na Butembo

Katika sura iliyotangulia tulimwacha Valery Legasov, mwanakemia wa Moscow, ambaye mwezi Agosti 1986 alisimama mjini Vienna mbele ya wataalamu wa mataifa na kuwaeleza, kwa muda wa saa nyingi, jinsi kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilivyoripuka usiku wa tarehe 26 Aprili mwaka huo, na ambaye alifariki dunia mwezi Aprili 1988 akiacha kanda alizozinasa kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa hakuridhika kwamba yaliyopasa kusemwa yalikwisha kusemwa yote. Nilimtanguliza kwa makusudi. Maisha yake yanadhihirisha kwamba mchunguzi wa janga lisiloonekana kwa macho hudaiwa mambo mawili: kwanza, ayajue kwa yakini yaliyotokea, pili, ayaseme kwa namna ambayo wale waliomo hatarini wataweza kuyasadiki. Deni la pili ndilo zito, na katika zama zetu sipajui mahali palipolidai kwa ukali zaidi kuliko miji ya Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020. Janga lenyewe halikuwa la mionzi, lilikuwa la Ebola. Walakini mionzi na kirusi vyote viwili humwingia mtu bila kubisha hodi, havina rangi wala harufu, na vyote huwalazimu watu wa kawaida kumwamini mgeni mwenye chombo mkononi awaambie kama wamekwisha kudhurika au la.

Jean-Jacques Muyembe Tamfum, ambaye sura hii ni habari zake, alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ya Bandundu, magharibi ya Kongo, akasomeshwa na mapadri Wajesuiti, kisha akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, akahitimu mwaka 1969. Msomaji na ajue kwamba chuo hicho ndicho kilichokuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara zima la Afrika, kilichowashwa mwaka 1959 kwa jitihada za mkuu wake, Padri Luc Gillon, aliyekuwa mwanafizikia. Na kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Kwa hiyo kijana huyu alipata elimu yake kando ya kinu cha atomu, katika nchi ambayo udongo wake ulikuwa umekwisha kuingia katika balaa kubwa kuliko zote za karne. Lakini yeye alivutwa na viumbe vidogo, akaenda Leuven, Ubelgiji, kujifunza elimu ya virusi, akarejea na shahada ya juu mwaka 1973, akawa mwalimu wa chuo. Miaka mitatu baadaye akaitwa.

Mwezi Septemba 1976 habari zilifika Kinshasa kwamba katika misheni ya Yambuku, mbali kaskazini katika jimbo la Equateur, watu walikuwa wakishikwa na homa na kufa kwa wingi, na watawa wa Kibelgiji waliokuwa wakiwauguza walikuwa wakifa pamoja nao. Muyembe alipelekwa na mwenzake mmoja, dhana ikiwa ni homa ya matumbo au homa ya manjano. Walikuta hospitali imehamwa. Lakini kulipokucha, kwa kuwa uvumi ulikwisha kuenea kwamba madaktari wa Kinshasa wamekuja na dawa, wagonjwa walijaa. Naye akaanza kuwatoa damu ili apime. Jambo lililomshangaza lilikuwa dogo na la kutisha: alipochomoa sindano, tundu halikuziba, damu ikaendelea kuchuruzika juu ya vidole vyake, ambavyo havikuwa na glavu, kwa sababu glavu hazikuwapo. Alinawa kwa maji na sabuni. Akachukua vipande vya maini kutoka kwa maiti. Kisha akamshawishi mtawa mmoja aliyekuwa na homa afuatane naye mpaka Kinshasa, mtawa akafariki huko, na damu kutoka Kinshasa ikatiwa katika thamosi yenye barafu, ikapakiwa katika ndege ya abiria kwenda Antwerp; ilipofunguliwa, chupa moja kati ya mbili ilikuwa imevunjika njiani. Katika ile iliyosalimika maabara ya Antwerp, na baadaye zile za Uingereza na Marekani, zilikiona kirusi ambacho hakijapata kuonwa na mtu yeyote, kikapewa jina la mto Ebola unaopita katika pande zile. Waliougua Yambuku na vitongoji vyake walihesabiwa 318. Waliokufa ni 280.

Kwa miaka mingi vitabu vilisimulia ugunduzi huu kuanzia pale thamosi ilipofunguliwa. Naona ni haki usimuliwe kuanzia kwenye vidole vilivyotapakaa damu.

Kabla hatujaiacha Yambuku, inatupasa kukaa kitako juu ya jambo moja, kwa kuwa tutalihitaji tukifika Beni. Tume ya mataifa iliyokwenda huko kuchunguza iligundua kwamba kila asubuhi wauguzi wa hospitali ile walipewa mabomba ya sindano matano tu ya kuwatosha wagonjwa wote wa siku nzima. Kila moja likisuuzwa katika chombo cha maji ya uvuguvugu baada ya mgonjwa mmoja, likachovywa dawa na kuchomwa kwa mwingine. Aliyefika kutibiwa malaria alidungwa. Mama mjamzito aliyefika kliniki alidungwa. Na katika mabomba hayo matano kirusi kilipata njia ambayo porini kisingeipata kamwe. Hospitali ilipofungwa mwishoni mwa Septemba, baada ya wafanyakazi wake 11 kati ya 17 kufariki, mlipuko ulianza kupungua. Hivi ndivyo ilivyo kanuni ya kwanza ya elimu ya magonjwa ya mlipuko: ugonjwa una mnyama wake na una mto wake, lakini janga lina njia zake, na aghalabu njia hizo zimetengenezwa na mikono ya watu wenye nia njema.

Mwaka 1995 ugonjwa ulirudi, safari hii Kikwit, katika nchi ya kwao Muyembe. Watu 315 waliugua, na zaidi ya 240 walikufa, miongoni mwao wakiwamo wafanyakazi wengi wa hospitali. Hapo ndipo tabibu huyu alipofanya jambo ambalo wenzake wa ng'ambo walilitilia shaka: alichukua damu ya watu waliopona akawatia wagonjwa 8, na 7 wakapona. Fikra yake ilikuwa rahisi kuelezeka. Mwili unaposhambuliwa hutengeneza kingamwili, yaani chembe za protini zenye umbo linaloshika sehemu maalumu ya kirusi kama ufunguo unavyoshika kufuli, zikakizuia kisiingie ndani ya seli. Basi aliyeshinda vita amebaki na silaha mwilini mwake, na silaha hizo zaweza kuazimwa. Waliomkosoa hawakuwa wajinga wala wenye husuda. Walisema kwamba mlipuko ulikuwa ukingoni, kwamba uuguzi ulikwisha kuwa bora, na kwamba hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa damu ambalo lingelinganishwa na lile lililopewa. Hoja yao ilikuwa sahihi kwa mizani ya elimu. Hata hivyo Muyembe hakuiacha imani yake. Aliitunza kwa zaidi ya miaka ishirini, akingoja namna ya kuithibitisha.

Njia ilipitia mtu mmoja. Katika waliopona Kikwit alikuwapo mmoja ambaye miaka 11 baada ya ugonjwa wake damu yake ilichukuliwa na kuchunguzwa, ikaonekana bado ina seli zinazokumbuka kirusi. Wachunguzi wa taasisi ya Muyembe huko Kinshasa, ile inayojulikana kwa herufi INRB, wakishirikiana na wale wa Bethesda, Marekani, na wa Bellinzona, Uswisi, walitenga kutoka kwake kingamwili moja iliyo bora kuliko nyingine, wakaiita mAb114. Iliwaponya nyani maabarani. Haikuwa imejaribiwa kwa binadamu mwenye Ebola.

Ndipo ikaja tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko katika Mangina, mji mdogo wa wakulima wa kakao magharibi ya Beni.

Kwa upande wa vyombo, hakuna ulinganifu kati ya Mangina na Yambuku. Mwaka 1976 damu ilihitaji kuvuka bahari na majuma kadhaa kupita kabla ya jibu. Beni na Butembo mashine ya GeneXpert, isiyozidi ukubwa wa kasha la mezani, ilitoa jibu siku ile ile, nayo iliendeshwa na Wakongo. Chanjo iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015 ilianza kutolewa Mangina baada ya juma moja tu, kwa utaratibu wa kumzunguka mgonjwa: waliomgusa, kisha waliowagusa hao, hata mwisho wa janga zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Wagonjwa wengine wa Beni walilazwa katika vyumba vya plastiki angavu vilivyotengenezwa hata daktari aingize mikono yake katika mikono ya mpira iliyoshonewa ukutani, amhudumie mgonjwa pasipo kuvaa zile nguo nzito zinazotisha watoto. Na mama aliyesimama nje aliweza kumwona mwanawe akinywa uji, akamwita kwa jina, naye akageuka. Nimeyataja haya kwa urefu ili isidhaniwe kwamba watu wa Kivu waliponzwa na uhaba wa maarifa. Maarifa yalikuwapo kuliko wakati wowote uliotangulia, na janga likadumu karibu miaka miwili.

Sababu moja ni ile ile ya Yambuku. Beni ina vituo vingi vidogo vya tiba, vingine vya matabibu wa kisasa, vingine vya waganga, vingine vyenye tiba zote mbili chini ya paa moja, ambako homa yoyote hutibiwa kwa sindano kwa sababu mgonjwa asiyedungwa huona hakutibiwa. Na mwaka 2018, malaria ilipokuwa imewaka mjini, watoto wengi waliopelekwa huko kwa malaria walitoka na Ebola. Baada ya miaka 42 njia ilikuwa ile ile, na tiba yake pia ni ile ile: sindano mpya, maji ya klorini, na kumtenga mwenye homa mpaka apimwe.

Sababu ya pili haina sindano wala klorini za kuitibu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake, kuelekea Oicha na Mbau, walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga na mashoka, na asubuhi wakizika bila mtu wa mbali kuja. Kisha ikaja Ebola, na barabara ya Beni kwenda Butembo ikajaa magari meupe, wageni waliolipwa kwa dola, nyumba zilizokodishwa kwa bei isiyojulikana mjini, na askari wa kusindikiza chanjo. Watu waliuliza swali ambalo mimi sioni jibu lake la haki: mbona kwa mapanga hamkuja? Katika mwezi Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na taifa kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali masoko, shule na makanisa yalikuwa wazi. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kupokea wagonjwa. Na siku ya uchaguzi wenyewe walijipanga wakapiga kura zao za mfano, wakanawa mikono kwa utaratibu wote uliofundishwa, ili ulimwengu uone kwamba maradhi hayakuwa kizuizi. Kwa maoni yangu, uamuzi ule uliharibu kazi ya miezi mitano kwa siku moja. Tangu hapo neno lililotembea katika masoko ya Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaojua sana hesabu ya faida, ni kwamba Ebola ni biashara ya watu wa Riposte, yaani kazi nzima ya kupambana na janga. Na kwa kuwa fedha zilikuwa zikionekana na kirusi hakionekani, mwenye akili timamu aliweza kabisa kulisadiki.

Mwishoni mwa Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa, ubavuni mwa Butembo, kilichomwa moto, na siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, walikokuwa wamekutana wahudumu, wakampiga risasi Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu aliyeacha nyumba yake kuja kuhesabu wagonjwa wa wengine, akauawa kazini. Madaktari na wauguzi wa Butembo, ambao wengi wao ni wenyeji na walikuwa wakipokea vitisho nyumbani kwao, waliandamana siku chache baadaye wakidai ulinzi. Na kwa kuwa mwandishi akisema nusu ya ukweli huwa amedanganya, nitaongeza kwamba tume huru iliyoundwa na shirika hilo hilo ilithibitisha mwezi Septemba 2021 kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Riposte waliwadhulumu wanawake kwa kuwataka miili yao ili wapate ajira. Wanawake hao walikwisha kusema zamani; waliposema, hawakusadikiwa.

Katikati ya misukosuko hiyo Muyembe aliendesha jaribio alilolingojea tangu Kikwit. Liliitwa Pamoja Tulinde Maisha, likaanza Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 iliyotoka katika damu ya yule mtu wa Kikwit, na REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu. Kila mgonjwa aliyekubali, au mzazi wake kwa niaba yake, alipangiwa dawa kwa kura, pasipo daktari kuchagua. Na kila mmoja alipewa maji, chumvi na uuguzi ule ule. Kwa watu waliozoea kwamba mwenye jamaa hospitalini hupata kilicho bora, kura ilionekana kama dhuluma. Wauguzi ilibidi waeleze, kitanda kwa kitanda, kwamba kura ndiyo haki, kwa sababu hapakuwa na mtu duniani aliyejua kilicho bora ni kipi. Hili ndilo jibu, lililochelewa miaka ishirini na zaidi, kwa wale waliomkosoa Kikwit. Naye alilitoa kwa mizani yao wenyewe.

Mwezi Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wamekwisha kuandikishwa, wasimamizi wa jaribio walilisimamisha kabla ya muda wake, maana tofauti ilikuwa dhahiri. Katika waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu; waliopewa remdesivir, zaidi ya nusu kidogo; waliopewa mAb114, asilimia 35; na waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5. Waliofika mapema, kirusi kikiwa bado kichache katika damu, walipona kwa idadi kubwa zaidi. Muyembe alitangaza kwamba tangu siku hiyo haitasemwa tena kuwa Ebola haina dawa. Alikuwa na umri wa miaka 77, na majuma machache kabla yake, mwezi Julai, Rais Félix Tshisekedi alikuwa amemkabidhi uongozi wa Riposte yote.

Aliyoyasisitiza katika uongozi huo hayakuwa na fahari yoyote: kazi wapewe wenyeji, lugha iwe ile inayosemwa barabarani, machifu na makanisa wahusishwe, na askari wasitangulie mbele ya sindano. Waliopona ndio waliofaa kuliko mabango yote. Walikuwa na kinga, kwa hiyo waliweza kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, katika nyumba za malezi zilizojengwa kando ya vituo vya Beni na Butembo; na mtu wa mtaani aliyemwona jirani yake, aliyechukuliwa na gari akidhaniwa amekwenda kufa, akirudi na mtoto wa mwenziwe mkononi, alipata ushahidi ambao hakuna mtaalamu angeweza kumpa.

Iko habari nyingine ya Muyembe ambayo naithamini sawa na dawa. Tangu thamosi ya 1976 damu ya Wakongo ilikuwa ikisafiri kwenda maabara za ng'ambo, na elimu iliyotoka humo ikirudi, kama ilirudi kabisa, mithili ya kitabu cha kununuliwa. Aliamua kwamba sampuli zikae Kongo na zichunguzwe Kongo. Vijana aliowalea, kama Steve Ahuka na Placide Mbala, walisoma mpangilio wa chembe za urithi za kirusi ndani ya nchi, janga likiwa bado linaendelea. Manufaa yake ni haya: kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja huku na moja kule, na makosa hayo hurithiwa, basi ukilinganisha kirusi cha mgonjwa wa Katwa na cha mgonjwa wa Beni, waweza kukadiria nani huenda alimwambukiza nani hata kama wote wawili wamesahau au wameficha. Haki ya Wakongo juu ya kinachotokana na damu yao, hata hivyo, haijatimia: dawa iliyotokana na damu ya Kikwit iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2020, na leseni yake ilipewa kampuni ya huko.

Janga lilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua ni 3,470, waliokufa, 2,287.

Kinu cha Chernobyl kilipozimwa, udongo wake ulibaki na mabaki ya mionzi; Ebola nayo ina mabaki yake, ambayo hukaa katika sehemu za mwili zisizofikiwa vyema na kingamwili, kama vile ndani ya jicho na katika manii, kwa miezi, pengine miaka, mtu mwenyewe akiwa mzima na anafanya kazi yake. Tarehe 7 Februari 2021 mlipuko mpya ulitangazwa katika pande za Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona. INRB ilisoma kirusi chake, ikathibitisha kwamba hakikutoka porini, ni kizazi cha kile cha janga lililopita. Mwezi Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya Beni, na kirusi kikaonekana ni cha ukoo ule ule. Butembo waliugua watu 12, wakafa 6, na kufikia tarehe 3 Mei mlipuko ulikuwa umekwisha. Beni waliugua 11, na katikati ya Desemba mlipuko ulikuwa umekwisha. Milipuko yote miwili ilizimwa hasa na wauguzi, wachanjaji na wapimaji waliokuwa wenyeji wa miji hiyo, na sasa swali lililobaki mbele yao ni jinsi ya kuwafuatilia waliopona, zaidi ya watu elfu moja, kuwapima na kuwashauri mwaka hata mwaka, bila jirani zao kuwageuza tena kuwa watu wa kuogopwa.